Kufuli nje, grili dirishani: Ukijenga Rugera, muite faya kabla ya fundi

WEWE mwenye kwenu Karagwe, habari hii unaijua. Desemba ikikaribia, mabasi ya Bukoba hayapandiki, na nusu ya waliomo ndani wamebeba vitu viwili: zawadi za wazee na ramani ya jengo. Mmoja ana fremu za maduka kichwani, mwingine gesti ya vyumba nane, mwingine kaambiwa na shangazi yake kwamba hosteli ya wanafunzi ndo dili la mjini na vijijini. Kahawa ya mzee imelipa kidogo, kibanda cha Kariakoo kimelipa kidogo, basi kijana anatua Rugera na miwani yake ya jua, anaita fundi, fundi anaita tofali, jengo linapanda.

Aliyeitwa ni fundi. Faya hakuitwa.

Na ukimuuliza atakucheka mpaka machozi. Faya Rugera? Kwani huku kuna ghorofa? Kwake yeye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni lile gari jekundu linalopiga ving'ora Mtaa wa Samora, lenye ngazi ndefu, la kuwazimia moto matajiri. Mambo ya ukaguzi na cheti anayasikia kwenye redio, anabadilisha stesheni atafute muziki.

Sasa tuongee taratibu. Alfajiri ya Jumatatu, Septemba 14, 2020, bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu ya Byamungu, kijijini Itera, wilayani Kyerwa, liliwaka moto watoto wakiwa wamelala. Wanafunzi 10 walikufa na wengine wakajeruhiwa. Kyerwa na Karagwe zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012, ndugu wamechanganyika huku na huku, kwa hiyo mtu wa Rugera hawezi kusema yale yalikuwa ya wenzetu. Wala Itera si mji. Hakuna ghorofa lililoungua pale.

Yaliyotokea usiku ule nawaachia waliopewa kazi ya kuyachunguza. Hapa nataka tuongelee jengo lako, lile ambalo bado liko kwenye karatasi.

Mabweni yameungua sana katika nchi zetu. Juni 1994 walikufa wasichana wapatao 40 Shauritanga, Rombo. Agosti 2009 wakafa 12 Idodi, Iringa, na ukatajwa mshumaa. Wenzetu wa Kenya nao wana vilio vyao: Machi 1998 wasichana wapatao 26 kule Bombolulu, Mazeras, nje kidogo ya Mombasa; Machi 2001 wavulana 67 kule Kyanguli, Machakos; juzijuzi tu, Septemba 2024, watoto 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri. Ukisoma habari za Bombolulu na Kyanguli unakutana na maneno yaleyale kana kwamba kaandika mtu mmoja: mlango umefungwa kufuli, dirisha lina chuma. Kyanguli kulikuwa na milango miwili, mmoja ukawa na kufuli. Vijana wote wakakimbilia mmoja uliobaki.

Kwa hiyo ukiambiwa kwamba afisa wa zimamoto anataka kuona mlango wa pili, usidhani anakutafutia sababu ya kula hela yako. Ile orodha yake haikutungwa na mtu aliyekosa kazi ya kufanya. Kila mstari una wafu wake.

Kabla ya miaka ya 2000 kwisha, zimamoto lilikuwa jambo la halmashauri. Mji wenye uwezo ulikuwa na gari lake na watu wake, usio na uwezo ulikuwa na ndoo. Ndo maana wazee wengi wa Rugera hawakukua wakiliona. Sheria ya mwaka 2007, Sheria Namba 14, ndiyo iliyounda jeshi moja la nchi nzima chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na kanuni zilizofuata zikaweka mambo ya ukaguzi na vyeti. Shule, hosteli, gesti, hoteli, ukumbi, sheli, ghala, kiwanda, jengo la maduka: mkaguzi ana haki ya kuingia na kutazama, awe Upanga awe Nyakahanga. Sheria haikusema mkaguzi aishie lami inapoishia.

Hapa kuna jambo ambalo vijana wa mjini mnaligeuza kichwa chini miguu juu. Mnadhani cheti ni cha mjini kwa sababu gari la faya liko mjini. Lakini soko kuu la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021, katikati kabisa ya Dar es Salaam, na magari hayo yakiwa mlangoni. Sasa Rugera je? Makao ya mkoa yako Bukoba, na kutoka Bukoba mpaka Kayanga tu ni zaidi ya kilomita 100, hujaacha barabara kubwa kuingia migombani. Hata gari likitokea wilayani, ongeza kupiga simu, kuelekeza njia, tope la masika. Chumba chenye godoro la sponji na makochi ya kisasa kinaweza kuwaka chote, kuta kwa dari, kwa dakika zisizofika tano. Fanya hesabu mwenyewe.

Yaani jengo la Rugera lazima lijiokoe lenyewe. Halina wa kumsubiri. Cheti cha huko, kikipatikana kihalali, kina uzito kuliko cha Mtaa wa Samora.

HAYA MAMBO YA GRILI

Tukae hapa kidogo maana hapa ndo penye ugomvi. Mtanzania na grili ni chanda na pete. Nyumba haijapigwa hata rangi, dirisha tayari limesukiwa chuma kama seli ya mahabusu. Na ukimsema mtu, anakuuliza kama wewe ndo utakayemlipa redio yake ikiibwa. Swali zuri. Wezi wapo, hata Rugera wapo.

Wazee wetu wa Kinyambo walilala kwenye msonge. Mlango mmoja, moto katikati ya nyumba, nyasi juu mpaka chini. Ukisikia hivyo unaona ni kiberiti kinachosubiri njiti. Kweli, ukishika unawaka upesi. Lakini ukuta ule wa nyasi na matete haumzuii mtu mzima aliyeamua kutoka. Sisi tumekuja na tofali la kuchoma, bati, saruji na nondo, tunajisifu tumeendelea, na tumejenga chumba ambacho mwenyewe huwezi kukitoboa.

Dawa ya grili siyo kuing'oa. Mwambie fundi wa kuchomelea, katika kila chumba cha kulala, grili ya dirisha moja aitie bawaba ifunguke kama mlango, komeo likae ndani, tena komeo la mkono na siyo kufuli linalotafuta funguo. Mwizi aliye nje halifikii, mgeni aliye ndani analisukuma usiku kucha hata kama haoni. Bawaba na komeo hazizidi hela unayomaliza kwa wikiendi moja ya kujionyesha Kayanga. Na dirisha lenyewe lisipande juu kana kwamba ni choo cha stendi. Mtoto wa darasa la pili alifikie, apite.

Majengo yetu mengi kule ni ya chini. Hiyo ni bahati ambayo mtu wa ghorofa ya sita Kariakoo hana. Dirisha lako ni mlango wa pili wa bure, na wewe unaulipia uzibwe!

Halafu milango. Sisi tumezoea mlango ufungukie ndani. Kwa chumba cha watu wawili si neno. Kwa bweni, ukumbi au korido ya gesti ni balaa, maana watu 30 wenye hofu hawarudi nyuma hatua moja ili mlango upite. Wanausukuma, nao unazidi kujifunga. Mlango wa kutokea ufungukie nje. Ni jambo la kugeuza bawaba tu, likifanywa mapema.

Na lile geti la korido, mnalijua. Gesti ya vyumba nane, korido moja, geti la chuma mbele, saa tano usiku mlinzi anapiga kufuli, funguo mfukoni, yeye huyooo kapitia kwa jirani kuonja rubisi. Wateja wamo ndani. Mkaguzi akikuuliza funguo za usiku zinakaa wapi, jibu la kwamba zinakaa kwa mlinzi halitoshi. Korido iwe na njia upande wa pili, na ule upande wa pili ufunguliwe na mtu aliye ndani, bila funguo, gizani.

CHETI CHENYEWE SASA

Wengi wanakosea mwanzo. Wanajenga, wanapaka rangi, wanaweka vitanda, wanaita mchungaji au shehe abariki, ndo wanakumbuka faya. Wakati huo kila kasoro ni nyundo na saruji mpya. Njia ya sheria inaanzia kwenye ramani. Unapoipeleka ramani halmashauri kuomba kibali cha ujenzi wa jengo la biashara au la kukusanya watu, watu wa zimamoto nao waipitie. Mlango wa pili kwenye ramani ni penseli na kifutio. Mlango wa pili kwenye jengo lililoisha ni kubomoa ukuta mbele ya wapangaji.

Uliza kwanza wilayani, Kayanga kwa watu wa Karagwe, kabla ya kupanda gari la Bukoba. Watakuelekeza nani anashika eneo lako. Jengo likiisha unaandika barua ya kuomba ukaguzi: jengo liko wapi, la kazi gani, lina ukubwa gani, vyumba vingapi, litabeba watu wangapi. Tozo inategemea aina ya matumizi na ukubwa, na viwango vimekuwa vikibadilishwa na kanuni, kwa hiyo usikubali bei ya kijiweni. Omba uone jedwali linalotumika sasa.

Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontro namba. Unalipa benki au kwa simu, stakabadhi inakuja. Akitokea mtu na begi na fulana nyekundu akakwambia mpe taslimu atakusaidia kupunguza, huyo ni kishoka. Muulize kitambulisho, uone atakavyoingia mitini.

Mkaguzi akija, mpishe apite kila chumba, hata kile ulichojazia magunia. Atatazama njia za kutokea na alama zake. Atatazama nyaya. Tangu umeme ufike vijijini, kila kijana mwenye bisibisi kawa fundi umeme, na nyumba zinafungiwa nyaya nyembamba kama uzi wa kushonea kisha zinabebeshwa jiko la umeme na pasi. Fundi umeme anatakiwa awe na leseni ya EWURA, muombe akuonyeshe kabla hajapanda darini. Atauliza mitungi ya gesi inakaa wapi, jenereta liko wapi, petroli yake je. Hosteli na shule atataka kengele au vitambua moshi, maji ya akiba, mahali pa wazi pa kukusanyikia watu wahesabiwe. Na atauliza swali ambalo wenye majengo wengi wanaliona la kipuuzi: nani hapa amefundishwa?

Hilo la kukusanyika na kuhesabiwa msilicheke. Usiku, kwenye moshi, mtu akisema fulani yumo ndani, wapo watakaorudi kumtafuta. Kumbe fulani kasimama nyuma ya tangi la maji. Orodha ya majina na mahali pa kusimama ni vitu vya bure kabisa.

Baada ya hapo unapewa taarifa ya kasoro. Usiichukie. Rekebisha, aje aone, ndo cheti. Cheti ni cha mwaka mmoja, mwakani unarudia. Kile cha miaka minne iliyopita kilichotiwa fremu mapokezi, pembeni ya kalenda ya chama cha ushirika, hicho ni pambo.

Mnalalamika kwamba wengine wanakuja kuchukua tozo tu, wanaangalia stakabadhi, wanasaini, wanaondoka bila kufungua hata dirisha. Malalamiko hayo wafanyabiashara wanayo miaka mingi, na siwezi kusema ni uzushi. Lakini fikiri: umelipia ukaguzi, halafu unafurahi hukukaguliwa? Ukinunua sukari kilo moja ukapimiwa nusu, si unapiga kelele duka zima lisikie? Mshike mkono, mpeleke darini. Mwambie ajaribu kutoka chumba namba sita macho yamefumbwa. Hela yako ile.

MTUNGI SIYO MWANASESERE

Mtungi mwekundu ukutani umegeuka mapambo kama maua ya plastiki. Kuna vishoka wanaokusanya mitungi mikuukuu, wanaipiga rangi, wanabandika karatasi mpya, wanakuuzia. Tazama kile kipimo kidogo juu: mshale uwe kwenye kijani. Pini iwepo, utepe wake haujakatwa, mpira haujapasuka, tarehe ya kuhudumiwa inasomeka. Mtungi wa hewa ya kaboni hauna mshale, huo unapimwa kwa uzito, kwa hiyo usiutupe ukadhani ni feki. Wa unga unafaa kwa mambo mengi. Wa maji ni wa mbao, nguo na karatasi, usiupeleke kwenye umeme wala kwenye karai la mafuta ya maandazi, maana mafuta yanayowaka ukiyamwagia maji yanakurukia usoni.

Ukiuhitaji: vuta pini, elekeza chini penye shina la moto siyo juu kwenye ndimi, bana, pepea kushoto na kulia, huku mgongo wako ukielekea mlango. Mtungi mdogo unaisha kwa sekunde chache. Moto ukishafika darini, achana nao, toka, funga mlango nyuma yako bila kufuli.

Tena moshi, si moto, ndo unaoua wengi na unaoua kwanza. Sponji la godoro likiwaka linatoa hewa za sumu, na moja kati yake haina rangi wala harufu. Mtu aliyelala haamki eti kwa kusikia harufu, anazidi kulala. Kwa hiyo aliyeamka ainame, atambae, hewa nzuri kidogo iko chini.

Kwa mwenye fremu za maduka, petroli ya chupa. Nani hajaiona? Chupa za soda na za maji zimepangwa juu ya meza zinasubiri bodaboda, ndani ya duka kuna mshumaa kwa sababu umeme umekatika, na juu ya dari analala kijana wa dukani. Fremu sita zimeshikana ukuta, dari moja haina hata tofali la kutenganisha. Ikishika ya kwanza, imeshika ya sita. Ukijenga fremu, kila ukuta upande mpaka kwenye bati, moto usipate njia ya darini. Na kwenye mkataba wa kupanga andika kwamba petroli hailali ndani. Mpangaji akikataa, atafutwe mwingine, fremu Rugera hazikosi watu siku hizi.

Kwa ninyi mnaopanga, au mnaosafiri na kulala gesti za barabarani, cheti mnaweza kukiulizia mapokezi. Wengi watakushangaa, wengine watakuonyesha, tazama mwaka. Kisha kabla hujavua viatu fungua dirisha la chumba ujue linafunguka. Hesabu milango kati ya chumba chako na nje, uikumbuke hata taa zikizimika. Muulize dada wa mapokezi geti linafungwa saa ngapi na funguo zinalala kwa nani. Namba ya zimamoto nchi nzima ni 114, ingiza kwenye simu yako sasa hivi, na ya mwenyekiti wa kitongoji uiweke chini yake, maana huko kwetu majirani wenye ndoo na mapanga ndo wanaofika kwanza.